Nimemvisha mkanda wa kifua, sasa ananivuta kuliko zamani

Mshika_Kamba
Wakuu, habari za leo. Nina mbwa dume wa miezi 14, jina lake Dubu, kilo 31, na tukishatoka getini mimi ndiye ninayetembezwa. Wiki 3 zilizopita nilimvua mkanda wa shingo maana alikuwa anavuta mpaka anakohoa na kukoroma kama mzee mwenye pumu. Nikaambiwa mkanda wa kifua ndio dawa. Kukohoa kweli kumekwisha, ila kuvuta kumezidi! Jana kaona paka, nikapiga magoti kwenye kokoto, suruali imechanika na kiganja kimechubuka. Kamba naifunga kwenye pete ya mgongoni. Nimekosea wapi, au huyu ndiye sikio la kufa?

BibiWaMbwa
Pole na goti. Dubu hana kosa, umemrahisishia kazi tu. Mbwa wanaokokota sleji, lile gari la kuteleza lisilo na magurudumu, kwenye theluji hufungwa hivyohivyo: uzito unalala kifuani, koo halibanwi, kamba inatokea nyuma. Sleji ni wewe.

Hebu mwangalie mbele, pale kwenye mfupa wa kifua. Kuna pete nyingine? Kama ipo, hamishia kamba hapo. Akivuta, nguvu yake mwenyewe inamgeuza ubavu, anajikuta anakutazama. Kama haipo, basi ulinunua mkanda wa kuvutia, kwa maana zote mbili.

Ila pete ya mbele haifundishi, inakupa nafasi ya kufundisha. Wangu, jike bishi sijapata kuona, nilikwenda naye hivi: kamba ikikaza, nasimama. Simvuti, simsemeshi, simtazami. Akabweka, akakaa, akanusa nyasi, mwisho akarudi hatua moja kuangalia kulikoni. Kamba ilipolegea tu nikampa kipande cha kuku, hapa kando ya goti langu la kushoto. Usimpe mbele, atajifunza kukutangulia. Hatua 3, ikakaza, nikasimama tena. Siku ya kwanza nusu saa nzima hatukuvuka miti 4, jirani akaniuliza nimepotelewa na nini.

Na wenzako nyumbani wafanye hivyohivyo. Mmoja akimwacha avute mpaka afike anakotaka, hata mara moja moja, ataendelea kubahatisha kama mcheza kamari. Tena si lazima nyama kila mara. Nikiona anautamani mti, tunausogelea kamba ikiwa legevu, nikifika namwambia "nusa". Hapo hata kuku hamkumbuki.

Kiroboto77
Nyongeza ndogo. Vidole 2 vipite chini ya kila mkanda. Wa kwangu ulibana kwapani, manyoya yakanyonyoka, nikadhani upele, kumbe msuguano. Ukilegea sana nako, anarudi kinyumenyume na kujivua, mara huyooo barabarani. Na kama unatumia ile kamba inayojikunja ndani ya kibweta, iweke kando kwanza. Inakuwa imekaza muda wote, na mbwa anajua kuvuta ndiko kunakoirefusha.

Mshika_Kamba
Pete ya mbele ipo! Siku zote nilidhani ni ya kutundikia kibati cha jina. Jioni tumetoka, alipovuta mara ya kwanza akazungushwa, akanitazama kama nimemroga. Nimesimama mpaka nimeacha kuhesabu. Dakika 20, tumefika nyumba ya tatu. Shida mpya: kamba inampita chini ya mguu wa mbele, anachechemea nayo. Hiyo nifanyeje?

BibiWaMbwa
Umeiachia ndefu. Ifupishe ining'inie kati yenu kama herufi J, isiguse chini. Mguu ukiingia, simama, utoe, endeleeni. Na kwa sasa ukimwona paka kabla yake, vukeni upande wa pili. Paka ni mtihani wa mwisho, nyie bado mko chekechea.