Mbawa fupi zinatosha kuiita spishi mpya? (panzi wa nyasini, Conocephalus)

Papasi_Ndefu: Wakuu, nina madume 4 na majike 3 wa Conocephalus, wale panzi wembamba wa nyasini, ndugu wa senene. Mbawa zao haziufikii mwisho wa tumbo, na kwa hilo wanapishana na spishi zote nilizolinganisha nazo. Je, yatosha?

Jicho_la_Darubini: Hapana mkuu. Katika jenasi hii spishi moja yaweza kuwa na wenye mbawa fupi na wenye mbawa ndefu pamoja. Nenda kwenye serki za dume, vile vishikizi viwili vilivyo mwisho wa tumbo. Kila kimoja kina jino upande wa ndani, na hapo ndipo spishi nyingi zinapoachana. Mtazame kutoka juu: jino limeota katikati au karibu na ncha? Limenyooka au limepinda? Ncha ya serki imebonyea au ni ya mviringo? Chora, usitegemee picha peke yake. Kwa jike, pima upanga wa kutagia mayai na paja la nyuma, kisha uone kama upanga umenyooka au umepinda. Tunutu, yaani panzi wachanga, waweke kando. Viungo hivi bado havijakamilika kwao.

Tupa: Sauti pia. Rekoda ya kawaida huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya kilohezi 22 hupotea, na panzi hawa huimba hadi juu ya hapo. Tumia 192,000 au zaidi, na maikrofoni inayosikia huko. Andika joto la pale alipo panzi. Joto likipanda mdundo huenda mbio, na spishi moja iliyorekodiwa kwenye nyuzi 20 na 28 itaonekana kama mbili. Kisha inua ubawa wa kushoto: chini yake kuna tupa, mstari wa meno anaousugua kutoa sauti. Hesabu meno yake, pima urefu. Rangi ipige picha akiwa hai, maana kijani hugeuka rangi ya majani makavu.

Jicho_la_Darubini: Unapoandika, teua waziwazi holotaipu moja, yaani kielelezo kinachobeba jina la spishi, na utaje mkusanyiko utakamohifadhiwa, waliobaki wawe parataipu, vielelezo vya kuisindikiza. Eleza kwa maneno kinachoitenga na jirani zake. Chapisho likiwa la kielektroniki pekee, lisajili ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla halijatoka, na ushahidi wa usajili uwemo ndani yake. Jina la spishi likiwa neno la sifa, lifuate jinsia ya kisarufi ya jina la jenasi: Conocephalus fasciatus, lakini Orchelimum vulgare.

Papasi_Ndefu: Dume mwenye serki safi kuliko wote ameachia mguu mmoja wa nyuma. Bado anafaa kuwa holotaipu?

Tupa: Anafaa kabisa, ilmradi serki na ubawa wa kushoto ni wazima. Mguu huo utie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, na chupa ibebe namba ileile ya dume. Mfuatano wa DNA ukishapatikana, hakikisha hauna vikomo (alama za kusimamisha utengenezaji wa protini) katikati ya jeni: panzi wana nakala nyingi bandia za jeni za mitokondria ndani ya kiini, na hizo hudanganya.