Tupeane uzoefu: vikokotoo vya kalori na vipimo vya mwili, vilikupa namba gani na ikawaje?

Fundi wa Mbagala

Wapendwa, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu vikokotoo vya afya vya mtandaoni, vile unavyojaza umri, urefu na uzito kisha unaambiwa ule kalori ngapi kwa siku. Naanza na yangu.

Nina miaka 38, urefu sentimita 162, na mwezi wa pili nilikuwa kilo 86. Nikajaza vyote. Swali la mwisho liliuliza shughuli zangu za siku: za kukaa, kidogo, wastani au nyingi. Mimi ni fundi cherehani. Naamka saa kumi na moja, saa mbili kibanda kiko wazi, na nikifunga usiku mgongo unawaka moto. Nikachagua wastani, tena moyoni naona nimejipunja. Jibu likaja: mwili wako unatumia kalori 2,358, ukitaka kupungua nusu kilo kwa wiki kula 1,858.

Nikafuata. Mafuta ya kupikia napima kwa kijiko cha chakula, maana kijiko kimoja tu ni kama kalori 120. Sukari kwenye chai nikaacha. Wiki nane, mzani uko palepale. Nililia jamani. Niliona mwili wangu una kasoro.

Mdogo wangu aliyesomea lishe alikuja akashinda nami kibandani. Jioni akaniambia, "Dada, tangu asubuhi umesimama mara sita." Ni kweli. Cherehani yangu siku hizi ina mota, hata kukanyaga sikanyagi tena. Kuchoka nachoka sana, ila miguu haijaenda popote. Akachukua daftari langu la vipimo vya wateja akaniandikia kanuni iliyomo ndani ya vikokotoo vingi, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, mwanamke atoe tena 161, mwanamume aongeze 5. Mimi napata kama 1,521. Hizo ni kalori za mwili uliolala tu. Ndipo unazidisha: mtu wa kukaa 1.2, wa wastani 1.55. Kwa 1.2 napata 1,826.

Yaani ile 1,858 niliyokuwa najinyima nayo ndiyo kiasi cha kunibakiza vilevile! Neno moja nililobonyeza lilibeba kalori zaidi ya 500. Nilirudi nikajaza upya, nikaanza na kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani nitembee. Miezi mitatu, kilo 4 zimetoka. Haya, wengine mlipitia nini?

Mtu wa Mjengo, Kitengela

Hujambo dada. Yangu ni kinyume kabisa na yako. Niko na miaka 29, mita 1.70, kilo 81. BMI, yaani uzito kwa kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu, ikatoka 28, rangi ya chungwa, "uzito umezidi". Niliogopa kwa sababu baba yangu ana presha. Nikaanza kuruka chakula cha mchana. Siku ya nne nikiwa orofa ya tatu na ndoo ya simiti begani, macho yakaingia giza. Mwenzangu alinishika mkono, la sivyo singekuwa hapa naandika.

Baadaye kulikuwa na kambi ya matibabu kanisani. Daktari akanizungushia tepu tumboni: sentimita 83. Akasema kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu ni dalili nzuri, na nusu yangu ni 85. Uzito wangu mwingi ni misuli ya mabega na mapaja, na BMI haijui kutofautisha misuli na mafuta. Kwa kazi yangu mwili unahitaji karibu kalori 3,000 kwa siku. Mimi nilikuwa nabeba mawe kwa chai na maandazi mawili. Siku hizi siruki githeri ya saa saba.

Muuguzi wa Tanga

Fundi, hongera. Kaka wa Kitengela, pole, tunamshukuru Mungu mwenzako alikuwa karibu.

Hiyo BMI ilianza kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, karne ya 19. Alikuwa mtu wa takwimu, akimtafuta binadamu wa wastani katika umma mzima, si kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Jina la BMI limekuja mwaka 1972 na Mmarekani Ancel Keys. Kliniki tunaitumia kila siku na inasaidia, lakini haitoshi peke yake.

Ninachokutana nacho zaidi ni kiuno. Mama anajaza kwenye kikokotoo saizi ya suruali yake, "34" ya inchi, anaona yuko salama. Suruali inakaa chini ya kitovu! Siku moja nilimpima mmoja aliyekuwa na uhakika kabisa na 34 yake, ikatoka sentimita 101. Alinyamaza muda mrefu. Tukapima presha, ilikuwa juu, na yeye hakuwa na dalili hata moja.

Pima hivi: tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini, tafuta juu ya mfupa wa nyonga, weka futi katikati yake. Ipite kwenye ngozi, si juu ya khanga. Pumua kawaida, soma namba pumzi ikishatoka. Usivute tumbo ndani. Mwanamke akifika 80 na mwanamume 94, aanze kujiangalia. 88 na 102 hatari imeshapanda zaidi.

Na mjamzito asitumie hivi vikokotoo vya kupungua, tafadhali sana. Aje na kadi yake kliniki.

Fundi, futi yako ya kushonea ya kitambaa ina umri gani? Zile zikizeeka zinavutika, zinakusomea kidogo kuliko ulivyo.

Mpishi wa Peke Yake, Muscat

Wakuu, mimi tatizo lilikuwa ugali. Programu niliyoweka kwenye simu ina vyakula vya Ulaya tupu. Nikatafuta ugali, haupo. Nikachagua uji mzito wa mahindi wa Kiitaliano, nikaona si ni uleule. Ukasoma kalori 70 kwa gramu 100. Sahani yangu ni gramu 500, nikawa naandika 350 kila usiku na roho safi.

Miezi ikapita, nguo zinabana. Ijumaa moja nikapima kila kitu. Sembe kavu gramu 400, na unga una karibu kalori 360 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria nzima ni 1,440. Nikasonga kama tunavyosonga Songea, mgumu, wa kushikika. Nikaupima: gramu 1,150. Gawanya, unapata 125 kwa kila gramu 100. Sahani yangu ni kalori 625! Ule wa Kiitaliano ni maji zaidi, ndiyo tofauti yote.

Wa nyumbani, lipo jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, na Kenya wana lao la 2018. Humo mtakuta vyakula vyetu wenyewe. Au fanyeni kama mimi: pima unga kabla ya kusonga, ugali baada.

Mama Pacha

Mimi nilisoma kilojuli kwenye pakiti nikidhani ni kalori. Gawanya kwa 4.2 jamani. Nilishinda na njaa wiki nzima.

Dada Mkubwa, Mwanza

Nimefikiria sana kama niandike. Mdogo wangu ana miaka 16, kidato cha tatu. Kikokotoo kilimkataa kwa umri, akaandika 20. Kikampa 1,200, akaona hata hizo nyingi, akawa anagawa chakula chake shuleni. Tuliitwa baada ya kuanguka mstarini asubuhi. Hedhi ilikuwa haijaja miezi mitatu na hakumwambia mtu.

Daktari alituambia mtoto hapimwi kwa mizani ya watu wazima. Kuna chati za WHO za miaka 5 hadi 19, zinazoangalia umri na jinsia, na kwa chati hizo uzito wake ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Alianza kwa sababu ya neno la utani kuhusu mapaja yake, tena nyumbani. Sasa anakula na mimi sahani moja. Jana aliomba aongezewe dagaa.

Fundi wa Mbagala

Dada Mkubwa, pole sana, na asante kwa kuandika. Mpe salamu zangu. Binti yangu ana miaka 14, leo nimemwita tukaongea.

Dada muuguzi, futi yangu nimeilaza juu ya rula ya chuma ya kukatia vitambaa. Kwenye mita moja imevutika sentimita moja na nusu. Nimenunua mpya. Kesho asubuhi kabla ya chai najipima upya kama ulivyoelekeza, halafu nitaandika namba hapa.