Tupeane uzoefu: klachi ya gari la kuvuta wenzake

Bredauni wa Lukaya: Ndugu madereva na makanika, habari zenu. Gari langu linavuta magari yaliyokwama kati ya Lukaya na Mbarara, na klachi pleti, sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haimalizi mwaka. Jirani ana gari la aina hiyohiyo, anabeba matofali, pleti yake haijaguswa miaka. Ni kuvuta tu, au kuna namna? Wenye uzoefu semeni.

Makanika wa Ndeeba: Kuvuta hakuui klachi, kinachoua ni kuondoka. Ikishashika sawasawa, pleti na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, vinazunguka pamoja na hakuna kinachosuguana. Uharibifu uko pale unapoachia pedali na mzigo bado umegoma. Wewe unaondoka na magari mawili kwa pleti ya gari moja, halafu kuna madereva wanaona gia namba moja ni ya wanaojifunza! Ukifungua utaona: pleti inang'aa kama kioo, flaiwili ina madoa ya bluu. Huo ni moto. Ila ukikuta pleti imelowa oili, mwache dereva, tafuta sili, kizuizi cha oili, ya nyuma ya krenki au ya shafti ya giaboksi. Watu hufunga pleti mpya sili ikiwa bado inavuja, halafu wanagombana na muuza spea.

Dada wa Mbale: Sisi tunatoa malori kwenye udongo upande wa Bududa mvua zikianza. Kule kinachoua ni kuruka. Dereva analegeza mnyororo, anapiga resi, anaondoka ghafla ili uchomoe lililozama. Pleti tuliyoitoa ilikuwa bado nene, lakini springi zake za katikati zimevunjika vipandevipande. Sasa tunafunga breki, tunaweka magogo mbele ya matairi, winchi inafanya kazi. Inachelewa, na wenye mzigo wanapiga kelele. Wapige.

Kijana wa Kisoro: Mlima wa Kanaba unaujua mwenyewe. Ukisimama katikati ukiwa na gari nyuma, wengi wanalishikilia kwa klachi na mafuta badala ya handibreki, na harufu inasikika hadi dukani. Baba mdogo, dereva wa zamani, hakuondoka pale kabla taniboi hajaweka jiwe nyuma ya tairi. Tafadhali, jiwe liondoeni barabarani mkimaliza, boda boda wanaumia.

Mzee wa Malaba: Msisahau foleni. Kusogea kidogo, kusimama, kusogea, mguu juu ya pedali asubuhi hadi jioni. Mimi naacha nafasi ifunguke, ndipo naenda na namba moja, pedali nimeiachia yote. Watakaochomekea wachomekee.

Makanika wa Ndeeba: Bredauni, mzee wangu, fanya jaribio. Simama tambarare, funga handibreki, hakikisha hakuna mtu mbele, weka gia ya juu, achia klachi taratibu. Injini inafanya nini?

Bredauni wa Lukaya: Haizimi. Inanguruma tu.

Makanika wa Ndeeba: Basi klachi inateleza. Pedali ina mchezo kiasi gani kabla haijawa nzito?

Bredauni wa Lukaya: Haina. Ukiigusa tu, nzito.

Makanika wa Ndeeba: Hapo ndipo. Pleti inavyolika, mchezo unapungua. Ukiisha kabisa, beringi inayosukumwa na pedali inaegemea presha pleti, ile inayobana pleti kwenye flaiwili, muda wote, na klachi haibani vizuri hata mguu ukiwa umeuondoa kwenye pedali. Jirani wa matofali labda huwa anarekebisha. Pleti hii huenda imeshaungua, lakini hata ukifunga mpya bila kurekebisha mchezo, nayo itakwenda hivyohivyo. Ukifungua, badilisha pleti, presha pleti na beringi pamoja, na flaiwili yenye madoa ipelekwe kuchongwa. Nati ya kurekebishia unaiona?

Bredauni wa Lukaya: Ipo. Imeganda kwa kutu, haina hata alama ya spana.

Makanika wa Ndeeba: Imwagie dizeli leo, ilale nayo. Usiipige nyundo.