Mbwa jike ana kivimbe kwenye ziwa, nimpe tamoksifeni?

MfugajiFuoni: Asalaam alaykum wanajukwaa. Mbwa jike wa ulinzi, miaka 8, hajatolewa kizazi. Ana kivimbe kigumu mfano wa kokwa ya tende chini ya chuchu ya nne kushoto, sentimita 2 hivi, ukikishika kinacheza. Zamani akipigwa sindano ya kuzuia joto (kutaka dume), ile ile ya uzazi wa mpango ya kinamama. Jirani kanambia hii kansa ni ya homoni, ninunue tamoksifeni, dawa ya kansa ya ziwa ya kinamama, duka la dawa. Nimpe kiasi gani?

BiKarafuu: Alaykum salaam. Usimpe hata nusu kidonge. Kwenye ziwa la mwanamke tamoksifeni huziba kipokezi (pale homoni inaposhikia kwenye seli) cha estrojeni, homoni ya kike, lakini kwa mbwa jike hufanya na kazi ya estrojeni yenyewe: uke unavimba, uchafu unatoka, na aliye na kizazi anaweza kujaa usaha ndani. Halafu ziwa lisilo na ugonjwa na vivimbe visivyo vya hatari ndivyo vyenye vipokezi vingi. Uvimbe ukizidi ubaya huvipoteza. Yaani ule wa kuogopwa ndio usiosikia dawa ya homoni.

DaktariWete: Yakhe, sentimita 2 bado pazuri, usingoje mwezi ujao. Chini ya 3 matumaini ni makubwa, ikipita 5 kazi ngumu. Kabla ya kisu mlaze chali, papasa maziwa yote kutoka kwapa hadi kinena, maana mara nyingi vivimbe huwa zaidi ya kimoja, na shika tezi za kinena. Kisha picha za kifua tatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na moja ya kulala chali. Mapafuni ndiko kansa inakokimbilia.

Siku ya upasuaji ovari na kizazi vitoke kwanza, ziwa baadaye, seli za uvimbe zisibebwe tumboni. Kivimbe kikatwe pamoja na nyama isiyo na ugonjwa ya pembeni, sentimita 1 mpaka 2. Kisitupwe! Kitiwe kwenye formalini (maji ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, chupa ya mdomo mpana. Watu wanakisokomeza kwenye kichupa cha dawa: katikati kinaoza, na kikishakakamaa hakitoki. Kifungwe vizuri, kipande boti hadi Dar, kiende maabara ya patholojia ya mifugo, mathalani SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Piga simu kwanza.

MfugajiFuoni: Shukran. Kutoa kizazi saa hizi si tumeshachelewa?

BiKarafuu: Kwa kinga, ndiyo. Utafiti wa Marekani wa 1969 ulikuta anayetolewa ovari kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya asiyetolewa. Baada ya joto moja 8, baada ya mawili 26. Ila usaha wa kizazi hataupata, na uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni unaweza kuchelewa kurudi. Ile sindano iacheni kabisa. Ni jamii ya projesteroni, hulifanya ziwa lenyewe litoe homoni ya ukuaji.

DaktariWete: Na mkiona safu nzima ya maziwa imekuwa nyekundu, ya moto, ngumu, hata kugusa hataki, asikatwe. Hiyo ni kansa ya aina ya uvimbe-moto, wengi huidhania maziwa yameingia vijidudu. Kidonda chake hakifungi.