Giaboksi imebakiza chini ya sentimita moja kugusa belhauzingi: nikaze boliti ziivute?

Spana_Moja

Wakuu, habari za kazi. Pikapu ni Chevrolet C10 ya 1970, injini V8 ya 350, awali ilikuwa na giaboksi ya otomatiki, TH350. Sasa inafungwa SM465 ya manyuali, gia nne. Kwa kuwa TH350 na belhauzingi yake (kava linalounganisha giaboksi na injini) ni kipande kimoja, belhauzingi ya manyuali imebidi itafutwe kando. Flaiwili ni ya inchi 14, meno 168, klachi ya inchi 11, na bushi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi mwishoni mwa krankishafti) ni mpya.

Tatizo ni hili: giaboksi iko juu ya jeki, shafti yake imepita kwenye klachi bila shida, lakini imesimama ikiwa imebakiza chini ya sentimita moja kugusana na belhauzingi. Nafasi hiyo ni sawa juu, chini, kushoto na kulia. Boliti zote nne zinashika nyuzi vizuri. Je, nizikaze kidogo kidogo kwa mzunguko mpaka ijivute? Na kama kuna mengine ya kukagua kabla ya kufunga, yatajeni, maana kuishusha hii mara ya pili si mchezo.

Grisi_Mkononi

Usikaze hata nusu mzunguko. Boliti za giaboksi kazi yake ni kuishika ikiwa imeshakaa, si kuivuta. Giaboksi iliyo sawa huingia kwa kusukumwa na mikono hadi nyuso mbili zigusane. Ukiivuta kwa boliti, kitu kimoja kati ya vitatu kitalipa gharama: sikio la giaboksi, ambalo ni chuma cha kusubu na hupasuka bila kujipinda kwanza, bushi ya pailoti, itakayosagwa na ncha ya shafti, au krankishafti yenyewe, itakayosukumwa mbele na kula beringi yake ya kuzuia msukumo. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu gari litawaka na kutembea, halafu injini ife taratibu.

Umetupa kidokezo kizuri: nafasi ni sawa pande zote. Ingekuwa pana juu na nyembamba chini, ningesema jeki haiko kwenye mstari na giaboksi imeinama. Ikiwa sawa pande zote maana yake kuna kitu kigumu kinachogota. Viko vichache tu:

1. Ncha ya shafti inagota mwisho wa tundu la krankishafti. Injini iliyozaliwa na otomatiki inaweza kuwa na krankishafti ambayo tundu lake halikumaliziwa kwa kina au kipenyo kinachotakiwa na pailoti.
2. Ncha haiingii kwenye bushi kabisa.
3. Diski ya klachi imefungwa kinyume. Upande wenye springi na kitovu kirefu unatazama presha pleti (bamba linalobana diski), si flaiwili.
4. Kola ya kifuniko cha beringi ya mbele (mduara uliochomoza mbele ya giaboksi) haiingii kwenye tundu la belhauzingi.

Usikisie. Shusha giaboksi, paka rangi ya maji au lipstiki ncha ya shafti, mwisho wa meno yake na ukingo wa kola. Irudishe mpaka inapogota, kisha itoe. Palipofutika ndipo panapogusa.

Halafu pima kwa hesabu. Toa diski na presha pleti. Weka rula iliyonyooka juu ya uso wa belhauzingi, pima kina kutoka hapo hadi mwisho wa tundu la krankishafti. Kwenye giaboksi, pima kutoka uso unaogusana na belhauzingi hadi ncha ya shafti. Kina lazima kizidi urefu. Ukimaliza, pima kipenyo cha kola na kipenyo cha tundu la belhauzingi kwa kalipa, si kwa macho.

Na neno moja kuhusu jeki: SM465 ina uzito unaokaribia kilo 80. Usiiache ining'inie kwa shafti ndani ya diski ukienda kutafuta spana. Dakika chache zinatosha kupinda kitovu cha diski, na klachi hiyo haitaachia tena vizuri hata ukirekebisha pedali vipi.

Kitovu

Nakubaliana na yote, ila dau langu liko kwenye namba 4. Belhauzingi za Chevrolet za magari madogo zina tundu la inchi 4.686, yaani milimita 119. SM465 ya malori ina kola ya inchi 5.125, milimita 130.2. Zikiwekwa sakafuni mbalimbali, jicho halitofautishi. Mashimo manne ya boliti hayakwambii lolote, ndiyo maana zako zimeshika nyuzi. Pia zipo belhauzingi za magari madogo zinazomeza flaiwili ya inchi 14, kwa hiyo hata flaiwili haikukushtua.

Spana_Moja

Imeshushwa, nimepima. Tundu la belhauzingi: milimita 119.0. Kola: milimita 130.1. Rangi imefutika mduara mzima wa kola, ncha ya shafti imeguswa pembeni tu, kwa hiyo kwenye bushi ilikuwa inaingia. Kitovu umepiga palepale.

Sasa kipi ni bora: kuchonga kola ifike 119, au kupanua tundu lifike 130.2?

Kitovu

Cha tatu: tafuta belhauzingi ya lori yenye tundu la 5.125. Kwenye C10 za miaka hiyo ina faida nyingine, nyingi zina masikio pembeni ya kukalia krosmemba, kwa hiyo uzito wa giaboksi hii hauning'inii nyuma ya injini peke yake. Ukitumia ya gari dogo itabidi utengeneze kikalio cha nyuma mwenyewe.

Ikishindikana, kuchonga kola kwenye mashine ya lathe kunawezekana, kwa sharti kwamba kinachochongwa kinazunguka kwenye kitovu kilekile cha shafti, na kwamba baada ya kuchonga bado kuna nyama ya kutosha kuzunguka boliti za kifuniko. Kupanua tundu la belhauzingi ndiyo njia ninayoipenda kidogo kuliko zote. Mchongaji akikosea kitovu kwa unywele, umepoteza belhauzingi.

Sindano_Sifuri

Belhauzingi yoyote utakayoleta, mpya au ya zamani, ipimwe kwa dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo sana) kabla ya giaboksi kurudi. Wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu giaboksi inapochomoka gia au bushi inapolika mapema.

Safisha kwanza uso wa nyuma wa bloku na uso wa mbele wa belhauzingi. Rangi na kutu ni unene, na unene unapotosha kipimo. Funga belhauzingi kwa boliti zote, kaza kama itakavyokaa siku zote, karibu Nm 45. Klachi iwe nje. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Simamisha geji kwa sumaku juu ya flaiwili, ncha yake iguse ukuta wa ndani wa tundu. Sukuma krankishafti mbele wakati wote wa kuzungusha, vinginevyo mchezo wake wa mbele na nyuma utaingia kwenye hesabu. Zungusha mduara kamili, andika tofauti ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Kikomo ni inchi 0.005, yaani milimita 0.13. Ikizidi, kinachosahihisha ni pini za kuongozea zenye kitovu kilichosogezwa, zinazopatikana kwa inchi 0.007, 0.014 na 0.021. Kosa halisi ni nusu ya kilichosomwa na geji. Mfano: geji imesoma 0.016, kitovu kimehama 0.008, chagua pini za 0.007. Zote mbili zielekezwe upande mmoja, kisha pima upya. Kitakachobaki ni kama 0.002, na hapo umefika. Geji hiyohiyo ipitishe pia juu ya uso wa belhauzingi, maana tundu linaweza kuwa katikati huku uso umeinama.

Rivasi

Kuhusu pailoti: weka beringi ya rola badala ya bushi, achana na bushi inayotaka kuloweshwa oili kwanza.

Grisi_Mkononi

Rivasi, hapo tutapishana. Beringi ya rola inavumilia kidogo sana shafti ambayo haiko kwenye mstari, na ikifa inachonga ncha ya shafti ambayo si rahisi kuipata. Bushi ya shaba iliyobanwa kutokana na unga hulika yenyewe kwanza. Hiyo ni sehemu ya bei ndogo inayolinda sehemu ya bei kubwa. Spana, jaribu sumaku kwenye bushi yako: ikinata, ni ya chuma, irudishe utafute ya shaba. Iloweshe kwenye oili ya injini usiku mzima, usiijaze grisi ndani, kwa sababu grisi huziba vinyweleo vinavyotoa oili. Kabla ya kuigonga, ivalishe kwenye ncha ya shafti: izunguke bila kukwama. Baada ya kuigonga jaribu tena kwa kupima kipenyo chake, maana bushi ikibanwa na tundu la krankishafti hupungua ndani.

Kuitoa ya zamani: jaza grisi nyuma yake, chomeka chuma cha mviringo kinachokaza kwenye tundu, piga nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi nje.

Rivasi

Kwa lori la kazi nakubali. Basi niongeze la stata: kama bloku yake ina mashimo mawili ya stata yaliyonyooka tu, yale ni ya flaiwili ya meno 153. Ya meno 168 hutumia stata yenye boliti moja mbele na nyingine nyuma, zilizopishana. Ukichanganya, stata italia vibaya na kula meno, au haitafika kabisa. Na hakikisha injini ni ile ya oili sili ya nyuma ya vipande viwili. Kuanzia 1986 sili ikawa kipande kimoja, mduara wa boliti za flaiwili ukapungua kutoka inchi 3.58 hadi 3.00, na flaiwili yake ina uzito wa kusawazisha. Hazibadilishani.

Spana_Moja

Sili ni ya vipande viwili, stata ni ya boliti zilizopishana. Bushi inanata sumaku, imeondolewa. Belhauzingi ya lori imepatikana, tundu 130.2. Geji imesoma 0.011 kwa mara ya kwanza. Baada ya kukwangua rangi kwenye bloku imeshuka hadi 0.004. Pini hazikuhitajika. Nini kingine kabla ya kupandisha?

Propela

Boliti za flaiwili Nm 80, za presha pleti Nm 47, zikazwe kwa kuvuka msalaba, mzunguko mmoja mmoja, la sivyo presha pleti inapinda. Nyuso za flaiwili na presha pleti futa kwa kisafisha breki, kwa sababu zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Diski ishikwe katikati kwa shafti ya plastiki hadi boliti ya mwisho. Kwenye meno ya shafti paka grisi kama ukungu tu. Ikizidi itarushwa kwenye diski.

Pedali: gari la otomatiki halina mkono wa Z (unaopeleka msukumo wa pedali kwenye klachi) wala pedali ya klachi. Mkono huo unakaa kwenye mpira wa chuma unaofungwa ubavuni mwa bloku, kushoto. Baadhi ya bloku hazikutobolewa tundu hilo, kwa hiyo kagua sasa, kabla kila kitu hakijaficha mahali hapo. Kwa mfumo wa fimbo acha mchezo wa kama milimita 25 juu ya pedali kabla rilizi beringi (inayosukuma klachi iachie) haijagusa vidole vya presha pleti. Bila mchezo huo beringi inazunguka muda wote na klachi inateleza ikishapata joto.

Propela usiikate mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake na uzito wote. TH350 inatumia yoki (kichwa kinachounganisha propela na giaboksi) inayoteleza yenye meno 27. Kama SM465 yako ina yoki iliyokazwa kwa nati, propela ya zamani haifai hata ukiifupisha, maana sasa mtelezo lazima uwe ndani ya propela yenyewe. Pembe ya giaboksi na ya difu zilingane, tofauti isizidi digrii moja, na krosi zisilale digrii sifuri kabisa, kwa sababu rola zake zisipotembea huchimba mashimo.

Sakafu pia: SM465 iko juu kuliko otomatiki, unahitaji kile kifuniko kirefu cha handaki.

Rivasi

Mabaki ya otomatiki: paipu ya upepo ya TH350 ikiondolewa, ziba tundu lake kwenye manifodi, vinginevyo injini itavuta hewa na kuunguruma vibaya ikiwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta. Waya mbili za swichi ya nyutro ziunganishe kupitia swichi ya pedali ya klachi. Ukiziacha wazi stata haitazunguka. Ukiziunganisha moja kwa moja gari litawaka likiwa kwenye gia.

Spana_Moja

Imeingia kwa mikono, nyuso zimegusana kabla ya boliti yoyote. Mafuta?

Grisi_Mkononi

80W-90 ya daraja GL-4, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia huku gari likiwa limesimama sawa. Usiweke GL-5 ya difu: viungo vyake vya salfa vinaweza kula sinkro za shaba. Gia ya kwanza, uwiano 6.55, haina sinkro na ni ya kupanda mlima na mzigo. Ukiwa mtupu ondokea ya pili, na kilomita 800 za mwanzo usiiteleze klachi kwa makusudi.