Naomba ushauri: P2138, gari linakosa nguvu ghafla

Wakuu, habari zenu. Gari likipita kwenye mashimo, taa ya injini inawaka na nguvu inakata. Nakanyaga mafuta halivuti. Nikizima na kuwasha, linarudi sawa. Mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha kodi P2138, yaani volti za sensa mbili za pedeli ya mafuta hazioani.

Fundi anataka kubadilisha throto nzima (vali ya kuingiza hewa kwenye injini). Nasita, maana throto kwa kawaida huleta kodi P2135 (volti za sensa za throto yenyewe hazioani), na hitilafu inayokuja na mtikisiko inanifanya nishuku waya au plagi ya kuunganisha nyaya za sensa. Volti 5 za kulisha sensa zote mbili zipo, ila nimepima gari likiwa limesimama.

Je, nitikise nyaya huku nikisoma volti, au nianze na waya wa ethi (wa hasi)? Naogopa likate nguvu nikiwa nalipita lori.