Acheni kumlaumu mchapaji wa Mwanza, michoro ya Go mnaiharibu wenyewe kwenye mipangilio

Wakuu, hili sasa limezidi. Vijitabu vya mafunzo ya Go, ule mchezo wa kuweka kete nyeusi na nyeupe kwenye makutano ya mistari ya ubao, vinavyotolewa kopi hapa Mwanza, kuanzia steshenari za mjini kati mpaka Nyegezi na Buzuruga, vinatoka na namba zisizosomeka juu ya kete nyeusi, mistari iliyokatika na ubao uliokatwa kona. Halafu anayetukanwa ni kijana wa mashine! Kijana wa mashine anachapa alicholetewa. Kosa ni la programu iliyochora, na la mtu aliyeiacha na mipangilio iliyokuja nayo, ambayo ni ya kuangalia kwenye skrini.

Kubwa kuliko yote ni picha ya skrini. Karatasi ya A5 ina upana wa milimita 148. Ukiacha 15 kila upande zinabaki 118. Ubao wa mistari 19, ukiweka herufi na namba za pembeni pande zote, unakula nafasi 21, kwa hiyo kila kete inapata milimita 5.6 tu, na humo ndani mnataka mwanafunzi asome namba ya hatua kama 127. Picha ya pikseli 600 ikitandazwa kwenye milimita 118 inatoa nukta kama 130 kwa inchi. Mchoro wa mistari unataka 600, yaani pikseli zinazokaribia 2,800. Toeni PDF au SVG, yaani mchoro wa mistari usiotengenezwa kwa pikseli, ambayo haipotei hata ukiikuza. Kuivuta JPEG kwenye Word hakuongezi chochote.

Kabla ya kutoa hiyo PDF, zima rangi ya mbao, zima vivuli, zima mng'ao wa kete. Kwenye fotokopi vyote hivyo vinageuka tope la kijivu. Angalia unene wa mistari: programu nyingine zinaandika sifuri, na sifuri kwa mashine ni nukta moja. Mashine ya nukta 1,200 kwa inchi itachora mstari wa milimita 0.02, ambao kwenye kopi ya pili haupo. Weka pointi 0.5 kwa mistari ya ndani na pointi 1 kwa ukingo. Kete nyeupe ijazwe nyeupe kabisa, isiachwe wazi, la sivyo mistari ya ubao inapita katikati ya namba. Na kama kazi inakwenda ofseti, ule uchapaji wa sahani na wino, nyeusi iwe ya wino mweusi peke yake. Nyeusi ya skrini hugawanywa kwenye wino nne, sahani zikipishana kidogo tu namba nyeupe ndogo zinazibwa.

Ubao wa Go si mraba, ule wa Kijapani ni milimita 424 kwa 455, takriban 14 kwa 15. Uwiano huo uwekwe ndani ya programu, ili libadilike pengo la mistari tu. Ukiivuta picha yenyewe, kete zinakuwa mayai. Kwa upana wa 118 urefu unafika 126, hivyo michoro miwili haiingii kwenye ukurasa mmoja wa A5 wenye urefu wa 210. Msiilazimishe. Na wakati wa kuchapa chagua ukubwa halisi, asilimia 100.

Sasa faili la SGF, lile la maandishi linalohifadhi hatua za mchezo, ambako ndiko hasira zangu ziliko. Kiwango cha FF[4], toleo la nne la SGF, kimeshaweka kila kitu cha uchapaji: FG inaanzisha mchoro mpya, PM[1] inachapa namba zilivyo, PM[2] inaziandika kwa mabaki ya 100 ili, kwenye mchoro unaoanza baada ya hatua ya 100, 127 iwe 27, na VW inaonyesha sehemu tu ya ubao. Waunda programu wengi wanavipuuza, wanakutupia hatua 200 kwenye mchoro mmoja. Mwalimu wa wanaoanza anahitaji hatua 10 hadi 20. Na VW ina tabia ya kurithiwa: ukiandika VW[jj:ss] kuonyesha robo ya chini kulia, nodi zote (vituo vya faili, kwa kawaida hatua moja moja) zinazofuata zitakatwa hivyohivyo mpaka uandike VW[] tupu. Hizo ndizo kona zenu "zilizoliwa na mashine".

Herufi nazo. B[pd], yaani nyeusi kucheza safu ya p, mstari wa d, inahesabiwa kutoka juu kushoto, na SGF hairuki i. Pembeni mwa ubao uliochapwa I inarukwa na namba zinapanda kutoka chini. Kwa hiyo pd ni Q16. Programu ikikuandikia P16 haikuruka I, ikikuandikia Q4 imehesabu kutoka juu. Jaribu hatua hiyo moja kabla ya kuchapa nakala 50.

Kwenye ko, pale wachezaji wanapokulana kete moja moja kwa zamu, kete mbili au tatu zinatua mahali pamoja, na programu mbovu inafuta namba ya kwanza. Mchoro ubaki na namba ya kwanza, chini yake iandikwe: 43 palipo 39, 46 palipo 40. Kama programu haiandiki, andika kwa mkono wako. Mwanafunzi hawezi kubuni.

La mwisho linaumiza Kiswahili chetu. Faili lisilo na CA[UTF-8] mwanzoni, inayotaja mfumo wa kuhifadhi herufi, linasomwa kama Latin-1, mfumo wa zamani, na alama ya ng' iliyopinda, ile Word huiweka yenyewe, inachapwa "â€™". Mtoto anasoma "kungâ€™oa kete"! Weka CA hiyo, hakikisha faili lenyewe limehifadhiwa kwa UTF-8, na tumia alama iliyonyooka. Mabano ya ] ndani ya maelezo yatanguliwe na \, vinginevyo maelezo yanakatikia hapo na yaliyobaki yanavuruga faili zima.

Mwenye faili linalogoma aweke hapa maandishi yake, kuanzia (;FF[4] mpaka nodi yenye tatizo. Picha ya skrini sitaiangalia.